Wiki Mbili Nilizowaandikia Waliojifungua

Kalamu ilikuwa ya mwenyekiti, karatasi ya ofisi, na maneno yalikuwa yangu. Niliandika kwamba mwanamke aliyejifungua salama anaweza kurudi kwenye mazoezi ya viungo na kwenye shamba la kijiji baada ya wiki mbili. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika cheo changu chote bila kukifupisha: Mwalimu wa Mazoezi ya Viungo na Afya ya Akina Mama. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimekaribishwa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, nimekaa kwenye kiti chenye mto. Ingetosha niseme, "Mwenyekiti, jambo hili silijui." Na kweli nilikuwa silijui. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kumwuliza mwanamke hata mmoja mwili wake unakuwaje baada ya kuzaa.

Mwenyekiti wetu, Ta Kristiani, alikuwa mtu mpole mwenye hesabu zake.

"Mwalimu," aliniambia, "wageni wa mkoa wanakuja kuona kijiji cha ujamaa kinavyokwenda. Nataka wanawake safu nane, kila safu wanane. Sasa ukiwatoa wazazi waliojifungia ndani, zinabaki safu sita na nusu. Safu sita na nusu ni halaiki gani, bojo?"

"Wazazi wana desturi yao, Mwenyekiti."

"Desturi yao ni miezi miwili, mitatu! Shamba linangoja. Wewe ndiye mtaalamu, umesomea. Sema wewe, mimi wataniona mkorofi."

Neno mtaalamu ndilo lililonimaliza. Nikachukua kalamu.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaofundisha wanawake mazoezi siku hizi, mliofungua kumbi zenye muziki na vioo ukutani. Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu alinipeleka Kahororo kwenye ukumbi wa rafiki yake, akidhani mzee aliyefanya kazi hiyo enzi zake atafurahi. Nilikaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwepo mtoto mchanga amefungwa kwenye blanketi, hata mwezi na nusu hajatimiza, na mama yake alikuwa safu ya mbele akiruka kamba. Mwalimu, kijana mzuri mwenye misuli, alikuwa anampigia makofi: "Usikate tamaa, mama! Tumbo hilo litaisha!" Nilitaka kuinuka niseme kitu. Sikuinuka. Hii ndiyo tabia yangu ya maisha yote, kwa hiyo nimeona niandike.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Azimio. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa pwani kusomea mazoezi ya viungo mwaka mmoja, nikarudishwa huku kwetu, upande wa Muleba, na baiskeli moja, filimbi moja na kitabu kimoja. Kitabu kile nilikipenda kuliko sala zangu. Kilikuwa na michoro ya kila zoezi, hatua kwa hatua. Ilinichukua miaka kumi na zaidi kugundua kwamba watu wote kwenye michoro ile ni wanaume, tena wenye nywele za kiaskari. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja wenye mtu mwenye nyonga za mwanamke.

Siku yangu ya kwanza nilisimama rweya, ile mbuga ya majani iliyo nje ya vibanja vya watu, nimevaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi. Wanawake wapatao arobaini waliniangalia miguu kwanza, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikapuliza filimbi. Nikawaambia wainame waguse vidole vya miguu, moja, mbili, moja, mbili.

Mama mmoja mnene, Ma Paskazia, akauliza, "Mwalimu, nikishafika huko chini, kuna nini cha kung'oa?"

"Hakuna, mama. Ni zoezi."

"Aa! Mimi toka alfajiri nimeinama kwenye maharage. Huko chini nimetoka sasa hivi. Nifundishe kusimama wima, hilo ndilo sijafanya leo."

Toka siku hiyo waliniita Bwana Moja-Mbili. Mpaka leo wapo wazee huku hawajui jina langu la ubatizo.

Na Ma Paskazia alikuwa na haki. Kosa la kwanza la mwalimu kijana ni kudhani kila mwili unaokuja mbele yake umekaa bure. Muulize mama ameamkaje, amebeba nini, amelima wapi. Mwanamke aliyeinama siku nzima hahitaji kuinamishwa tena. Anahitaji kufunguliwa kifua, kunyooshwa mgongo na kupewa nafasi ya kuvuta pumzi. Yule wa dukani aliyekaa kwenye kiti siku nzima, huyo ndiye wa kumwinamisha.

Waliniadhibu kwa namna yao. Siku moja walinipa ndoo ya maji niipeleke kutoka kisimani mpaka kileleni, kichwani, bila kuishika. Niliwaambia mwenye nguvu za mikono kama mimi hilo ni jambo dogo. Hatua ya saba nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Ma Paskazia alipokwisha kucheka alinionyesha: magoti yasikazwe, macho yaangalie mbali, na wakati wa kuinua mzigo usibane pumzi, itoe taratibu kama unayepoza uji. Hilo la pumzi likumbukeni. Mwanamke akibana pumzi huku anainua kitu kizito, nguvu yote inasukuma chini. Niliambiwa jambo hili na mwanamke asiyejua kusoma, juu ya njia ya kisimani, nikalichukua kama kichekesho.

Aliyejua zaidi ya wote alikuwa Ma Domitila. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mikono yake mikubwa kuliko ya fundi seremala. Kijiji kizima waliojifungua walikuwa wake. Nilifika kwake kwa mara ya kwanza si kwa heshima, ila kwa sababu mgongo wangu ulikuwa umeteguka nikiwaonyesha wanawake jinsi ya kusimama kwa kichwa. Alinilaza kifudifudi juu ya majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, akababua jani la mgomba motoni mpaka likalegea, akaniwekea kiunoni, halafu akanisugua kwa samli ya moto.

"Nani alikwambia kichwa ni mguu?" aliniuliza.

"Kitabu, Ma."

"Kitabu kina mgongo?"

Nikawa ninakwenda kwake mara kwa mara, kwanza kwa mgongo, baadaye kwa mazungumzo. Naweza kusema ndiye mwalimu wangu, ingawa wakati huo sikumwita hivyo. Aliniambia jinsi anavyomrudisha mzazi kwenye nguvu zake. Hakuhesabu siku. Alihesabu mahali. Kwanza mzazi ni wa kitandani: analala, ananyonyesha, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kipande laini cha rubugo, gome la mti lililopondwa likawa kitambaa. Halafu anakuwa wa mlangoni: anakaa, anasimama, anaota jua la asubuhi. Halafu wa migombani: anatembea polepole kuzunguka nyumba, mikono mitupu. Halafu wa kisimani: anaanza na kibuyu, si ndoo. Mwisho kabisa ndipo anatolewa rweya, kwenye upepo, kukata majani na kuyafunga mizigo. Mwingine alifika rweya baada ya mwezi na nusu, mwingine baada ya miezi mitatu. Kumvusha mtu kutoka mahali pamoja kwenda pengine ilikuwa kazi ya Ma Domitila peke yake, hata mama mkwe hakuthubutu.

"Unajuaje kwamba sasa huyu avuke?" nilimwuliza.

"Namwambia akohoe."

"Akohoe?"

"Naweka mkono hapa chini ya kitovu. Anakohoa. Tumbo likiruka likanipiga kiganja, bado. Likijikaza lenyewe kabla ya kikohozi, avuke. Na namwuliza kama anasikia uzito huko chini, kama kitu kinataka kutoka. Akisema ndiyo, namrudisha kitandani hata kama mume analia njaa."

Nilicheka. Niliwasimulia hata wenzangu mjini Bukoba, tukacheka pamoja: kipimo cha afya ni kikohozi! Baadaye sana, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilimsikia muuguzi aliyesomea viungo vya wanawake akiwaeleza wazazi hospitalini jambo lile lile, mkono chini ya kitovu, kohoa mama. Nilitoka nje ya chumba kile nikaegemea ukuta.

Sitaki mdhani kila alichofanya Ma Domitila kilikuwa sahihi. Alikuwa anawapa watoto wachanga matone ya dawa za majani, na hilo nililipinga na leo bado nalipinga. Wajawazito aliwapa udongo uliochanganywa na majani, wautafune, na nilimwambia mara nyingi awapeleke zahanati wapimwe damu. Tuligombana. Lakini mimi nilichukua makosa yake mawili nikayafanya sababu ya kutupa mengine yote. Kijana aliyesoma hufanya hivyo upesi sana.

Karatasi yangu ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti ya kanisani. Wanaume walipiga makofi. Wanawake walinyamaza, isipokuwa Ma Domitila, aliyesimama huku amejishika kiuno.

"Waitu, Mwenyekiti, naomba kumwuliza Mwalimu. Mwalimu, umewahi kuzaa?"

Watu wakacheka.

"Hapana, Ma."

"Basi leo umezaa. Umezaa kwa karatasi. Tutaona mtoto huyo atafanana na nani."

Kicheko kikawa kikubwa, na Mwenyekiti akagonga meza. Nilijibu kwa yale niliyoyazoea: taifa linajengwa, wanawake wa nchi nyingine wanajifungua asubuhi na jioni wako kiwandani, uvivu hauwezi kuitwa desturi. Nilisema neno uvivu. Ma Domitila alikaa chini, na hakunikaribisha tena nyumbani kwake kwa muda mrefu.

Wakati ule mke wangu, Verdiana, alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikuwa nimemwoa Kashozi, kwa watu wa misheni, familia ya kahawa na sala. Alikuwa na maneno machache na kicheko cha puani. Nilipokuwa nafanya mazoezi uani alikuwa anasimama mlangoni akinihesabia makosa, kila mara na bojo, neno letu la kubembeleza. "Bojo, mbili umeiruka." Alijifungua binti, tukamwita Rosalia. Mama yake alikuja kutoka Kashozi akakaa siku kumi. Ma Domitila naye alikuja kila asubuhi, akipita kwangu bila kunitazama, akamkanda mke wangu na kumfunga.

Siku ya kumi na tano ilikuwa siku ya mazoezi ya mwisho mwisho kabla ya wageni. Safu zilikuwa saba na wanawake wawili. Wazazi sita walikuwa bado ndani, na waume zao walikuwa wanangoja kuona mke wa mwalimu atafanya nini. Nilimkuta Verdiana amekaa mlangoni na mtoto.

"Ma Domitila hajanivusha hata migombani," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ma Domitila hana cheti."

"Jana nilikohoa, tumbo likaruka. Na nasikia uzito."

"Uzito ni wa kukaa. Ukichangamka utaisha."

Mtoto alikuwa ananyonya.

"Verdiana, nitawaambiaje wake za watu watoke, na wangu amekaa?"

Angeweza kunikatalia. Ningepiga kelele, ningeona aibu, yangepita. Lakini alikuwa amelelewa kutomwaibisha mume mbele ya watu, na mimi nilikuwa nimeshawaita watu wote mlangoni mwetu. Akampa mtoto mama yangu, tuliyekuwa tunaishi naye, akajifunga kitenge mwenyewe juu ya rubugo.

"Haya, Mwalimu," alisema. Hakusema bojo.

Wale wazazi wengine watano walipomwona anapita, nao wakatoka.

Rweya upepo ulikuwa mkali. Tulianza na mikono, kisha kiuno, kisha zoezi nililokuwa najivunia kuliko yote, la kuruka huku miguu inapanuka na mikono inakutana juu, safu zote nane kwa pamoja. Nilijua wageni watalipenda sana zoezi hilo. Nilipuliza. Kwenye mruko wa nane au wa tisa Verdiana alisimama katikati ya safu ya kwanza, akashika sehemu ya chini ya tumbo, akakaa chini kwenye majani.

Safu ikavurugika. Wanawake waliokuwa nyuma yake walinitazama mimi, si yeye. Walitaka kuona nitafanya nini.

Nikapuliza filimbi. "Safu ya kwanza, simama!"

Ma Paskazia alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mwache."

"Simama!"

Verdiana akasimama. Akaruka mpaka mwisho. Niliuhesabu kila mruko kwa mdomo wangu, na nilikuwa nafikiri jinsi alivyo jasiri.

Halaiki ilifana. Wageni waliinuka vitini wakapiga makofi, na mmoja wao akaniambia mkoani kuna nafasi ya mtu kama mimi. Nguo za wanawake zilikuwa za kitambaa cha buluu kilichotoka duka la Mhindi mmoja mjini, na kwa mbali, zikienda juu na chini kwa pamoja, zilipendeza kama maji ya ziwa. Mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwepo, anasifia.

Nyumbani mambo yaligeuka polepole. Verdiana alianza kutembea kwa hatua fupi. Alikuwa anafua vitambaa kila siku na kuvianika nyuma ya nyumba, mbali na macho. Shambani alikuwa anapumzika kila baada ya muda mfupi, akichuchumaa na kuegemea jembe. Watu walimwona. Chumbani alinigeuzia mgongo, na nilipomgusa alikakamaa mwili wote. Nilimwuliza kuna nini. Nasema nilimwuliza, lakini niliuliza kama polisi.

"Hakuna kitu," alijibu.

"Umenichoka?"

"Mwili umechoka."

"Mwaka mzima?"

Mimi, mtaalamu wa miili ya akina mama, niliyekuwa nimepewa baiskeli na serikali ili niiangalie miili hiyo, nilimwona mke wangu anatembea vile mwaka mmoja na nusu nikaona kiburi. Nilidhani amenidharau. Nikadhani watu wa Kashozi wamemlea kizembe. Wenzangu waliniuliza mbona Rosalia hapati mdogo wake, nami nikaona aibu, na aibu ikawa hasira.

Nilipopata uhamisho wa kwenda Bukoba nilimchukua yeye na mtoto, tukapanda basi. Kemondo basi lilisimama, watu wakanunua samaki, naye aliomba kushuka akajinyooshe, akashindwa kupanda tena ngazi bila kusaidiwa na mwanamke mwingine. Nilikuwa nimekaa dirishani. Nilimwambia afanye haraka. Hatukushukia kwenye nyumba yangu mpya. Nilimpeleka moja kwa moja Kashozi kwa baba yake.

Nilisema mbele ya mzee yule, kwa adabu zote za kwetu, nimekaa kwenye nyasi safi za nyumbani kwake, baada ya kupewa kahawa ya kutafuna: "Tata, nimemrudisha. Kazi haiwezi, na kitandani amenikataa."

Baba yake akamgeukia. "Mwanangu, ni kweli?"

Fikirieni swali hilo. Angesema nini? Angemwambia baba yake mzazi, mbele ya kaka zake wawili, kitu gani kimeshuka na kimetoka wapi? Hakuna binti wa kwetu angeweza kutamka. Na mimi nililijua hilo nilipolisema pale. Ugonjwa wake sikuujua, lakini nilijua hatanibishia.

"Ni kweli, Tata," alisema.

Niliondoka kwa miguu. Rosalia alikuwa anajifunza kusema, alinifuata mpaka kwenye kahawa za mwisho akiniita.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi vizuri. Nilifundisha walimu, nilifundisha wauguzi kunyoosha migongo, nilishuhudia filimbi ikibadilishwa na redio, na redio ikibadilishwa na kaseti. Niliachana na kitabu cha maaskari. Nilianza kuwauliza wanawake maswali, lakini kwa sababu kozi mpya zilisema tuwaulize. Kisha nikarudi Muleba kikazi, nikasikia Ma Domitila yu hai, macho hayaoni vizuri. Nikaenda kumsalimia.

Alinitambua kwa sauti. "Bwana Moja-Mbili."

"Ndiyo, Ma."

"Verdiana hajambo? Nilikuwa nakwenda kwake Kashozi kila baada ya mavuno, mpaka macho yalipokataa."

Sikuelewa. "Kwenda kufanya nini?"

Akasema taratibu, kama anayemwambia mtu kwamba nyumba yake imeungua. "Kizazi chake kilishuka siku ile rweya. Alipokaa chini, ndipo. Mimi nilikuwa namkalisha kwenye maji ya moto, namlaza miguu juu, namfundisha kukaza na kuachia. Kilikuwa kinarudi kidogo, kinashuka tena."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwambia akuambie. Akasema, 'Atafungua kitabu.'"

Halafu akaongeza, "Na si yeye peke yake. Wale wengine watano, wawili nao nilikuwa nawakanda."

Siku iliyofuata nilikwenda Kashozi. Verdiana alikuwa anaanika kahawa uani. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea vizuri. Kaka yake alikuwa amempeleka hospitali akafanyiwa upasuaji, kizazi kikatolewa. Alinipa kigoda, akabaki amesimama.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yote yalitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siku ile nilipokaa chini, ungeniuliza tu. Hata kwa sauti kubwa, mbele yao wote. Ungesema, Verdiana, una nini? Ningekuambia."

"Rudi nyumbani."

"Nyumbani ni hapa." Akaendelea kugeuza kahawa kwa mguu. "Kunywa maji, halafu uende. Rosalia anarudi kutoka shule, sitaki akukute."

Niliyanywa maji yake nikaondoka.

Vijana, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya. Sitawaambia mfunge kumbi zenu. Wanawake wanahitaji nguvu, na mnawapa. Ila mwanamke akija kwenu, kabla ya muziki, muulizeni amejifungua lini, na kama anasikia uzito, na kama anatokwa na mkojo akicheka. Mwombeni mwanamke mwenzake amwulize, kama ninyi ni wanaume. Akisema ndiyo, asiruke. Mpelekeni hospitali wala msimcheke. Akikaa chini katikati ya zoezi, zimeni muziki. Na mtu mkubwa akija na kalamu akawataka mtie sahihi jambo msilolijua, mwambieni hamlijui. Mtaonekana wajinga kwa siku moja.

Verdiana alikufa miaka mingi iliyopita, kwa homa, huko huko Kashozi. Nilizuiwa na kaka zake kukaa na wafiwa, nikasimama na watu wa njiani. Sikuoa tena, na sikupata mtoto mwingine. Rosalia ana watoto watatu, sijawahi kumbeba hata mmoja wao. Tukikutana mjini ananiamkia, "Shikamoo, mzee," kwa adabu, kama anavyomwamkia mzee yeyote, na anapita. Sahihi ile ilinigharimu mke wangu na binti yangu wa pekee. Wale wanawake wawili wengine sikuwahi kuwatafuta, kwa hiyo wao iliwagharimu nini, mimi sijui.